Ule mchezo wa nyimbo hapa Mtwara: kwa nini bibi hakuvuka daraja?

#1 MtuWaShangani
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikwenda kuangalia ule mchezo wa jukwaani wa vijana wetu hapa mjini, ule unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho. Kiingilio elfu tano, viti vya plastiki, spika moja inakoroma kama mgonjwa. Nilikwenda kwa sababu mke alinilazimisha, nikatoka na swali ambalo mpaka leo Jumanne linanisumbua.

Kwa ambao hamkuwepo: ni Nachingwea, 1974. Binti wa Kimwera anauza vitumbua kwenye njia ya kwenda Famu 17, kambi ya FRELIMO, wale wapigania uhuru wa Msumbiji. Anapendana na mpiganaji kutoka Mueda, kule Msumbiji. Majina hawana, wanaitwa Binti na Komredi basi. Wanaoana kimyakimya, Binti anashika mimba. Msumbiji wanapata uhuru 1974, malori yanakuja, makomredi wanapanda, Komredi anaimba kwamba atamfuata mkewe mvua zikikatika. Mvua zinakatika, haji. Barua inafika moja tu. Sehemu ya mwisho ni 2010, Daraja la Umoja linafunguliwa pale Mtambaswala. Binti sasa ni bibi, amesindikizwa na mwanawe. Ng'ambo amesimama mzee kavaa koti la kijani. Bibi anatembea mpaka katikati ya daraja, anasimama, anaimba ubeti mmoja kwa lugha ambayo sikuielewa, anageuka, anarudi upande wa Tanzania. Giza. Watu wakapiga makofi, mimi nimekaa mdomo wazi.

Miaka yote hiyo kamsubiri, daraja limejengwa, mtu yuko pale mita mia mbili mbele yake. Kwa nini hakuvuka? Mke wangu ananiambia "wewe mwanaume huwezi kuelewa", halafu hanielezi.

#2 Dogo wa Ligula
Nimetandika mkeka. Picha ya huyo Binti kwanza, uchambuzi baadaye.

#3 Bint Mikindani
Nilikuwepo, safu ya tatu. Mleta uzi hukumwona yule mwanamke mwenye mwavuli nyuma ya mzee? Komredi alishaoa huko. Bibi kauona mwavuli, kageuka. Uzi ufungwe.

#4 MtuWaShangani
Mwavuli niliuona. Nilidhani ni afisa uhamiaji.

#5 Dogo wa Ligula
Hahaha, afisa uhamiaji na mwavuli wa maua! Mkeo ana haki ya kutokueleza.

#6 Mwalimu Mstaafu
Mleta uzi, umeandika vizuri ila tarehe umezichanganya, na wanafunzi wanaosoma humu watabeba makosa. Msumbiji haikupata uhuru 1974. Tarehe 7 Septemba 1974 yalisainiwa makubaliano ya Lusaka kati ya FRELIMO na Wareno. Baada ya hapo ikaja serikali ya mpito. Uhuru wenyewe ni 25 Juni 1975, siku ile ile FRELIMO ilipotimiza miaka 13, maana iliundwa Dar es Salaam 25 Juni 1962. Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, aliondoka Nachingwea 24 Mei 1975 akaingia kwao kwa safari ya mwezi mzima, kutoka Ruvuma mpaka Maputo. Kwa hiyo yale malori kwenye mchezo ni ya 1975.

La pili, daraja lina urefu wa mita 720. Ukisimama katikati umebakiza 360, siyo mia mbili. Kwa bibi wa makamo yale, 360 ni safari.

#7 MtuWaShangani
Shukrani Mwalimu. Huenda mchezo wenyewe ulisema 1975, mimi ndiye niliyechanganya. Ila mita 360 haziwezi kuwa sababu, alishatembea nyingine 360 na hakuchoka.

#8 Famu17
Naona watu wanaongelea kwetu, ngoja niingie. Nimezaliwa Nachingwea, marehemu bibi yangu mzaa mama alikuwa akipeleka mihogo na samaki wakavu jirani na kambi. Famu 17 ni shamba la ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951. Karanga zikashindwa, yakabaki mashamba na barabara na jina. FRELIMO wakaja miaka ya sitini, wakalima, wakafundisha vita, wakaimba sana. Bibi alisema ukilala usiku usipowasikia wanaimba unajua kuna msiba.

Nidhamu ilikuwa kali. Komredi kutoka nje na binti wa kijijini bila ruhusa ya wakubwa wake ilikuwa kesi. Kwa hiyo hii "ndoa ya kimyakimya" maana yake ni ndoa ambayo kwa FRELIMO haikuwepo. Malori yanapopakia, orodha inasomwa, mke hayumo. Hakumwacha kwa kupenda, na wala hakuwa na karatasi ya kumfuatia. Hayo ndiyo maelezo yangu: kwa serikali ya kule, bibi hajawahi kuwa mke wa mtu. Angevuka aende kama nani?

#9 Kandili
@Famu17 hapo umekaza sana. Samora mwenyewe alifunga ndoa na Josina mwaka 1969 pale Tunduru, kusini hii hii. Ndoa zilikuwepo.

#10 Famu17
@Kandili Josina alikuwa mpiganaji mwenzao! Wanawake wao walianza mafunzo ya kijeshi Nachingwea 1967, naye alikuwa katika kikosi hicho. Ndoa ya komredi na komredi ni jambo moja, komredi na muuza vitumbua ni jingine. Na masikini Josina naye alifariki 7 Aprili 1971, hata hiyo 1975 hakuiona.

#11 Kandili
Sawa, hapo nimenyoosha mikono. Nusu.

#12 Nchanga Halisi
Mnahangaika na karatasi za FRELIMO, karatasi ya kusini hamjaisoma. Kwa Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye sauti ni mjomba. Mwanaume akioa anakwenda kujenga kwao mwanamke, analima shamba la ukweni, akileta jeuri anafungiwa mkeka wake anaondoka. Sasa mnauliza kwa nini bibi hakuvuka? Avuke kumfuata mume? Tangu lini? Komredi ndiye alitakiwa arudi. Bibi alikwenda darajani kumwangalia, amemwona yu mzima, karudi nyumbani kwake kwenye mikorosho yake. Hakuna fumbo lolote pale.

Nyie mliozoea filamu za mjini ndiyo mnaona ajabu.

#13 Newala Juu
@Nchanga Halisi sema "kwa Wamwera", usiseme "kusini". Sisi Wamakonde ukoo ni wa mama kweli, na mjomba ni mjomba, lakini bibi yangu mimi alihamia kwa babu, tena kwa miguu kutoka Kitangari na kuku kichwani. Na Komredi alikuwa Mmakonde wa Mueda. Huenda yeye alikuwa anasubiri mke amfuate, na mke anasubiri mume arudi. Miaka yote wanasubiriana kwa desturi mbili tofauti. Hiyo ndiyo tamthilia.

#14 Nchanga Halisi
Hilo la kusubiriana nimelipenda, japo limetoka kwa mla panya.

#15 Newala Juu
Samaki nchanga, tafadhali. Tumia jina lake la heshima.

#16 Dogo wa Ligula
Kuna mtu anauza? Naulizia kwa ajili ya rafiki.

#17 Msomi wa Feri
Wadau, niwaharibie starehe kidogo. Huu mchezo umenakiliwa. Kuna mchezo mkubwa wa nyimbo ulioanza London mwaka 1989 unaitwa Miss Saigon. Mwanajeshi wa Marekani anapendana na binti wa Vietnam, mji wa Saigon unaanguka Aprili 1975, anaondoka na helikopta, binti anabaki na mimba, baadaye anakuta jamaa ameoa kwao. Angalieni: 1975, mimba, mke wa pili. Helikopta imegeuzwa lori. Na huo nao ulitokana na opera ya Puccini ya 1904, ya Mmarekani na binti wa Japani. Kwa hiyo msitafute majibu Nachingwea, majibu yako kwa Mtaliano.

#18 Bint Mikindani
Sawa, na mwisho wa huo wa London unakuwaje?

#19 Msomi wa Feri
Binti anajipiga risasi ili baba amchukue mtoto akalelewe Marekani.

#20 Bint Mikindani
Basi umejijibu. Wetu hakujipiga kitu. Mtoto hakuchukuliwa na mtu. Amezeeka, amesimama darajani kavaa kitenge kipya. Kama wamenakili, wamenakili mpaka mlangoni kisha wakaingia nyumba nyingine.

#21 Nchanga Halisi
Na hawawezi kunakili mwisho ule. Hebu mpelekee bibi wa Ruangwa hadithi ya mama anayejiua ili baba apate mtoto. Atakuuliza: mjomba wake alikuwa wapi?

#22 Msomi wa Feri
Nimesema wamenakili, sijasema vibaya. Watu wa kusini mnapenda ugomvi.

#23 Mama Chikongola
Wanangu nawasoma kimya tangu asubuhi. Mimi sikuingia ukumbini, ila wimbo wa malori niliusikia kupitia dirishani, nauza juisi nje. Nilisimama na jagi mkononi.

Mnaongea kama vile ni mambo ya zamani. Machi 2021 Palma, mji wa Msumbiji, iliposhambuliwa, watu walikuja mpaka mtoni, wengine wakavuka, wengine wakarudishwa. Mdogo wangu alikuwa na mume kule, fundi seremala, Mmakua. Walipigiana simu mpaka simu ikazimika. Baadaye zikaja habari kwamba yuko Pemba, ile ya kwao, siyo ya Zanzibar. Yu hai. Mpaka leo hajavuka kuja huku na mdogo wangu hajavuka kwenda. Ukimuuliza anasema "nitakwenda". Mtoto anaanza darasa la kwanza. Sasa mkiniuliza kwa nini haendi mimi dada yake wa tumbo moja sijui, na nyie mnataka kujua ya bibi wa jukwaani.

#24 MtuWaShangani
Pole sana mama. Nimeisoma mara mbili.

#25 Msafiri wa Mangaka
Pole mama Chikongola.

Mimi naendesha gari njia ya Masasi, Mangaka, Mtambaswala, kwa hiyo daraja lile nalijua. Lilifunguliwa 12 Mei 2010 na marais wawili, Kikwete wetu na Guebuza wa Msumbiji. Wazo lake ni la Nyerere na Samora tangu 1975, kwa hiyo daraja nalo lilikaa kwenye ahadi muda ule ule aliokaa Bibi. Hapo waandishi wa mchezo nimewapa tano.

Ila swali la uzi lina tatizo. Mnasema "daraja limejengwa, kwa nini hakuvuka", kana kwamba kabla ya daraja haikuwezekana. Nani kawaambia? Kiangazi Ruvuma inakuwa mchanga na mikondo midogo. Watu wanavuka kwa mtumbwi, sehemu nyingine kwa miguu, wanakwenda mazishini, wanakwenda ngomani, wanarudi na mbuzi. Hatari ni mamba na viboko, siyo uhamiaji. Kama angetaka kuvuka angevuka 1976. Kwa hiyo alikataa siku nyingi, pale darajani alikuwa anarudia tu mbele ya watu.

#26 Mwalimu Mstaafu
@Msafiri wa Mangaka 1976 ungekanyaga bomu. Wareno walitega mabomu ya ardhini mpakani wakati wa vita, na mengine yalibaki baada ya vita kwisha. Halafu kuanzia 1977 wakaanza vita vyao na waasi wa RENAMO, mpaka mkataba wa Roma wa 4 Oktoba 1992. Miaka 15 mingine. Komredi kama mwanajeshi angeweza kupangiwa Beira, Tete, Maputo kwenyewe. Mueda mpaka Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. "Kuvuka Ruvuma" hakukufikishi kwake.

Niongeze jambo moja la pembeni. Pale Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala, lilipo daraja, ndipo Wajerumani wa jenerali Lettow-Vorbeck walipovukia Novemba 1917, Vita Kuu ya Kwanza, kukimbilia upande wa Wareno, mwezi mmoja baada ya mapigano makali ya Mahiwa na Nyangao huku kwetu Lindi. Askari wao walifuatwa na wake zao na watoto, na wapagazi kibao ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wanawake walivuka pale pale, maji kifuani. Wengine hawakurudi. Mchezo wa nyimbo wa vita ile ningeulipia elfu kumi.

#27 Kandili
Mwalimu ukifika 1917 hatutoki leo.

#28 Mwalimu Mstaafu
Na beni je? Ngoma ya beni, vikundi vya Marini na Arinoti, mnadhani ilishika Lindi kwa bahati? Watu walitoka vitani wakaanza kucheza gwaride kwa tarumbeta na vyeo vya uongo. Kusini siku zote vita vikiisha tunavicheza.

#29 Famu17
Hapo kwenye ngoma nirudi kwenye mchezo wenyewe. Mmeona arusi walivyoipiga sindimba, lakini malori yalipoondoka ngoma zote zikanyamaza ikabaki zumari moja? Halafu lile pazia la vita, mapiko (mcheza kinyago wa Kimakonde) yule mwenye sura ya Mreno, watoto safu ya mbele walikimbia kweli. Huwa tunaona mapiko kwenye sherehe tunacheka, pale nilisikia baridi. Mtu aliyepanga muziki ule anajua kazi yake. Uimbaji wa Komredi sasa... tumsamehe, ni mwanafunzi.

#30 Bint Mikindani
Komredi aliimba puani. Nimeshasema.

#31 Operesheni 74
Habari zenu. Mbona hakuna aliyeongelea barua? Barua moja ilifika. Nyingine ziko wapi? Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kila mtu awe kijijini ifikapo mwisho wa 1976, na huku kusini tulihamishwa mapema na haraka. Babu yangu aliacha maembe mtini. Mtu ameandika barua "Binti fulani, njia ya kwenda Famu 17, mti mkubwa", anafika tarishi, mti upo, watu hawapo, wako kijiji kipya maili kumi na mbili mbele. Komredi huenda aliandika miaka mitano. Akadhani mke ameolewa. Naye akaoa. Hakuna mwenye kosa ila tarishi, na tarishi naye alihamishwa.

Kwenye mchezo kuna tukio Binti anabeba mlango wa nyumba kichwani huku anaimba. Watu walicheka. Sisi tuliobeba milango hatukucheka.

#32 Newala Juu
Aisee. Mlango nilidhani ni utani wa mpanga jukwaa.

#33 Dogo wa Ligula
Tuseme barua zilipotea, na mwavuli ni mke wa pili, na mjomba yupo. Ile lugha ya mwisho ni lugha gani? Hapo ndipo jibu lilipo, alisema mwenyewe kwa nini anarudi.

#34 Bint Mikindani
Kireno. Nilisikia "estamos juntos" (tuko pamoja) kabisa, maneno ya makomredi.

#35 Newala Juu
Kireno gani? Kile ni Kimakonde cha Mueda. Sisi tunasema Chimakonde, wao wanasema Shimakonde, kwenye "chi" yetu wao wanaweka "shi". Nilisikia "shi" nyingi. Alimwimbia kwa lugha ya kwao mwanaume, kumwonyesha kwamba hakuisahau.

#36 Nchanga Halisi
Ni Kimwera, jamani, Kimwera cha watu wazima. Maneno mengine huyajui mpaka uchezwe unyago.

#37 Dogo wa Ligula
Mtu yeyote ana rekodi?

#38 MtuWaShangani
Mke wangu alirekodi. Nimesikiliza mara nne. Kinachosikika ni mtoto wa jirani analilia soda.

#39 Somo wa Chiputu
@Nchanga Halisi umegusa kitu bila kujua. Mimi ni mkungwi, nimecheza wali wengi (wasichana wa unyago), na mengine sitayaandika humu. Lakini niwaulize: mlimwona Bibi kichwani kajifunga nini sehemu ya mwisho? Aliyefundwa amekiona. Bibi alikuwa somo, mkuu wa unyago wa kijiji chake. FRELIMO walipochukua nchi walipiga vita unyago na jando, wakaviita ujinga wa zamani, na mahari vilevile. Sasa mwanamke mwenye wali arobaini wanaomwita mama, aende mahali ambapo kazi yake ni aibu? Kwa ajili ya mwanaume mmoja mwenye koti? Na wakati Komredi anamchumbia kule mwanzo kuna mstari anaimba "utaacha ngoma zako". Mliusikia? Wanaume hamkuusikia.

#40 Kandili
Sikuusikia. Lakini 2010 hayo ya kupiga vita unyago yalishapoa kule, wanacheza vizuri tu.

#41 Somo wa Chiputu
Yalipoa baada ya kumwunguza nani?

#42 Msomi wa Feri
Mkuu wa unyago, mke wa pili, barua, mjomba, karatasi. Mna maelezo mengi kuliko mchezo wenyewe.

#43 Nyuma ya Pazia
Wakuu nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi nilikuwa kwenye taa. Samahani kuwakatisha, lakini lile giza la mwisho halikuwa la mchezo. Umeme ulikatika. Jenereta ilikuwa na mafuta ya kunusa tu. Kwenye mazoezi, Bibi anageuka, anapiga hatua tatu, anasimama tena, na Komredi anaanza kuimba. Baada ya hapo kuna kama dakika nne hamkuziona. Mkapiga makofi, waigizaji wakaona basi, wakatoka kuinama.

#44 MtuWaShangani
UNASEMA NINI WEWE?

#45 Dogo wa Ligula
Hahahahaha siku nne tunachambua kukatika kwa umeme. Mtwara hoyee.

#46 Bint Mikindani
Haya tuambie dakika nne zina nini. Anavuka?

#47 Nyuma ya Pazia
Kwenye mazoezi tulifanya namna mbili. Moja anavuka. Nyingine mwanawe ndiye anavuka, yeye anabaki. Ipi ingechezwa siku ile mwelekezi aliamua mwenyewe, hakutuambia watu wa taa. Mimi niliambiwa "fuata miguu ya Bibi".

#48 Vitumbua
Mimi naimba kundi la akina mama wa sokoni kwenye mchezo huo huo, na huyo wa taa anawapotosha. Namna ya kuvuka tuliifuta wiki mbili kabla. Bibi mwenyewe, yule dada anayeigiza, aligoma. Alisema miguu yake haikubali. Umeme ulikatika kweli, lakini tulishafika mwisho, zilibaki sekunde chache za ngoma.

#49 Nyuma ya Pazia
@Vitumbua wewe ulikuwa ndani unabadili kanga muda huo. Uliona nini?

#50 Vitumbua
Niliona deni lako la elfu nane la chakula cha mazoezi. Lipa kwanza.

#51 Kandili
Nyie malizeni huko faraghani.

Mimi nina moja. Mezani kwa Bibi sehemu ya mwisho kulikuwa na kofia ya JWTZ. Baada ya Samora kufa kwenye ndege 19 Oktoba 1986, jeshi letu lilipeleka vijana Msumbiji kuwasaidia dhidi ya RENAMO, wakarudi 1988. Wengine wamelala pale Naliendele, makaburi ya mashujaa, kila mtu wa Mtwara anapajua. Nadhani mwanawe alikufa kule. Nchi ile imemchukulia mume na mtoto. Hawezi kukanyaga.

#52 Mwalimu Mstaafu
Mtoto amezaliwa 1975. Mwaka 1987 ana miaka 12. Na darajani 2010 amemsindikiza mama yake. Labda ni mzimu.

#53 Kandili
Basi mdogo wake Bibi! Kwenye arusi kulikuwa na kijana anacheza na bunduki ya mti. Kofia ni yake.

#54 Mwalimu Mstaafu
Hiyo inakubalika kwa hesabu. Wimbo wake sikuusikia, lakini hesabu inakubali.

#55 Famu17
Huyo kijana mwenye bunduki ya mti nilimsahau kabisa. Kweli hakuonekana tena baada ya malori.

#56 MtuWaShangani
Wakuu, nimerudi. Jana mama mkwe amekuja kutoka Nyangao na gunia la mihogo, nikamsimulia mchezo wote mwanzo mpaka mwisho, na maelezo yenu yote: mwavuli, karatasi, mjomba, barua, unyago, kofia, umeme. Akasikiliza huku anamenya. Nilipomaliza akaniuliza, "Na yule mzee mwenye koti, yeye mbona hakuvuka?"

Nikakaa kimya. Mke wangu akacheka mpaka akatoka nje.

#57 Nchanga Halisi
Mama mkwe apewe kuku.

#58 Newala Juu
Alikuwa anasubiri amfuate, nilishasema #13.

#59 Bint Mikindani
Angevukaje na yule mwenye mwavuli kamshika koti?

#60 Msafiri wa Mangaka
Siku ya ufunguzi askari walikuwa wengi, huenda alizuiwa. Au hana kibali. Wazee wengi wa kule hawana karatasi hata moja.

#61 Somo wa Chiputu
Au ana aibu. Wanaume huwa mnalisahau hilo neno.

#62 Famu17
Lile koti ni la kambi. Bibi yangu aliwahi kuachiwa moja kama lile na mtu, alikuwa anafunikia unga. Hakuwahi kusema ni la nani na sisi hatukuuliza.

#63 Dogo wa Ligula
@Famu17 subiri. Bibi yako aliyekuwa anapeleka mihogo kambini?

#64 Famu17
Ndiyo.

#65 Dogo wa Ligula
Mama yako kazaliwa mwaka gani?

#66 Famu17
Acha hizo wewe.

#67 Mama Chikongola
Wanacheza tena Jumamosi hii saa kumi jioni, nimeona wanabandika karatasi. Safari hii wamekodi jenereta nzima. Mimi nitaingia ndani, juisi atauza mdogo wangu.

#68 MtuWaShangani
Mama niwekee viti viwili karibu na jukwaa. Vitatu, mama mkwe anasema hajaondoka.